Maabara Namba Tatu, Jumatano Jioni

Bi Eduvina alistaafu Mei, mvua zikikaza,
akaniachia funguo nne, birika la umeme
na kalenda ya maabara tatu za kompyuta
katika chuo hiki cha kando ya mto, Valdivia,
mji ambao mvua hainyeshi, inaishi.

Mlangoni karatasi yake bado imebandikwa,
wino wa bluu, na vina, maana alipenda vina:

    Mwalimu ukitamani, chumba chenye kompyuta,
    Jaza fomu ofisini, jibu hapo utapata,
    Usigonge mlangoni, na kundi likifuata,
    Aliyewahi yu ndani, hatoki kwa kumvuta.

Nilikuta kila kitu kimepangwa kama sahani kabatini.
Jumatatu, takwimu za misitu, watu thelathini na wawili.
Jumanne, ramani; wanaomba projekta isiyokohoa.
Alhamisi, uhasibu, wale wanaoacha maganda ya karanga.
Lakini Jumatano, saa kumi na mbili jioni, Namba Tatu:
LEN-000. Wanafunzi: 1. Mhadhiri: pametupu.
Imehifadhiwa.
Miaka sita mfululizo, hata wiki za mgomo,
hata Krismasi.

Profesa Baldovino Etchegaray akaja anachuruzika maji,
mwavuli umepinduka kama popo aliyekufa.
Anayo programu mpya ya kuhesabu pete za miti.
Anataka Jumatano. Anataka Namba Tatu.
"Somo hili ni hewa," akasema,
kidole juu ya zile sifuri, "na mwanafunzi wake hewa."
Nami, mgeni kazini, ulimi mwepesi,
nikamjibu: chukua.

Ila kufuta ni kufuta. Nikabaki jioni ile nihakikishe.
Giza la Juni lilikwisha kushika madirisha
alipoingia Rosamel Huenchuñir, wa usafi, zamu ya usiku.
Ndoo aliiacha nje, kama mtu anavyoacha viatu.
Mikono ameiosha mpaka viwikoni.
Akakaa kwenye mashine ya kumi na moja
asinione nyuma ya kabati la nyaya.

Kidole kimoja.
Aliitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sarafu
katika koti alilolivaa mara ya mwisho baridi iliyopita.
Pembeni, fomu ya mtihani wa sekondari, wa watu wazima;
umri: hamsini na minane.
Alikuwa anaandika jina lake. Lile la kwanza likapita.
La ukoo lilifika katikati, likakwama:
kitufe cha Ñ kwenye kumi na moja kiling'oka zamani,
limebaki tundu.
Akatoa kalamu mfukoni, akaichomeka ncha humo
polepole, kama anayemlisha kifaranga mgonjwa.
Ñ ikatokea. Akaitazama kwa muda.

Nilimpigia simu Bi Eduvina. Kwanza alikaa kimya,
nikasikia redio yake, na kijiko ndani ya kikombe.
"Fomu inauliza idadi," akasema.
"Haijawahi kuuliza kima cha chini."

Basi Profesa nimempa Ijumaa, saa mbili usiku.
Tangu siku hiyo hanisalimii;
pete za miti, nadhani, zinaweza kusubiri,
ndiyo kazi yake mti.

Kitufe cha Ñ nimeking'oa kwenye kibodi yangu,
nikakipeleka kumi na moja, gundi tone moja.
Sasa matangazo yangu ya mwaka wa masomo
yanatoka na neno "mwaka" la Kihispania
bila kile kiwimbi chake kichwani,
na bila kiwimbi, hilo si mwaka tena,
ni kiungo kisichotajwa mezani mbele ya mama mkwe.
Wanafunzi wanasoma, wanacheka, wanashika kuta.

Wacheke.
LEN-000, Jumatano, imehifadhiwa mpaka Oktoba,
na baada ya Oktoba tutaona.
Mstari wa mwisho wa fomu, ambao Bi Eduvina aliuacha wazi,
ule wa programu zinazohitajika darasani,
nimeujaza mimi:
herufi zote.